Simu Haina Kusindikizana

Chebet mwanangu,

Sitaanza barua hii kwa kukuambia kwamba mimi ni mzima wa afya na hofu ni kwako. Wewe ulikuwa ukiniandikia hivyo kila barua ukiwa boarding, hata ile wiki uliyolazwa na malaria, na mimi nilikuwa nikikujibu vivyo hivyo. Leo naomba tuache. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini maneno hayo yamenichosha.

Ni saa nane na mvua ya mawe imeanza kupiga mabati. Umeenda Roret kumuaga senge yako, na kwa vile ninavyomjua dada ya baba yako na mdomo wake, hutarudi kabla ya jioni. Sanduku lako liko wazi kitandani. Nimelipanga mara mbili na kulipangua mara mbili. Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula, wala kanisa, wala wanaume. Hayo nimekuimbia tangu ukiwa mdogo na kama hayakuingia basi hayataingia leo. Nataka kukuandikia habari za simu.

Usicheke. Wiki hii yote umekuwa ukinituliza kama mtoto. Jumatatu ulikuwa unakata sukuma wiki, umenipa mgongo, ukasema kitu, nikakuuliza umesema nini, ukarudia huku umegeuka nusu: "Mum, relax. Dunia imekuwa ndogo siku hizi. Nitakuwa nakupigia kila Sande, itakuwa tu ni kama niko hapa." Halafu ukaongeza, kwa ile hasira yako ndogo ya kupenda, "Lakini hunisikilizangi!" Nikasema nakusikiliza. Ukaendelea kukata sukuma.

Kuanzia kesho asubuhi hakutakuwa na kitu kingine kati yangu na wewe isipokuwa hiyo simu. Umeiwekea imani yote. Mimi nimefanya kazi na simu miaka kumi na saba, na kabla hujaiegemea nataka ujue ilinifanya nini. Mama yangu, Kogo wako wa Kedowa, hakufa ghafla. Mimi ndiye niliyesema hivyo, na nimekuacha uamini hivyo mpaka leo.

Kabla sijawa opareta wa kiwanda nilikuwa mchumaji wa majani chai kama wengine, kikapu mgongoni. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa naenda Kedowa. Kutoka hapa Kimulot ilikuwa safari ya siku nzima ukihesabu kungoja, nami nilikuwa nafika jioni nikiwa na matope hadi magotini. Mama alinipokea vile vile miaka yote. Chamgei? Chamgei mising. U mzima? Mzima sana. Kisha kiti, kisha maziwa ya mursik kutoka kwa kibuyu, kisha habari za ng'ombe mmoja mmoja kwa majina yao, kisha viazi, kisha kabichi, kisha nani ameoa na nani amekataliwa. Ungemwangalia ungesema hana shida yoyote duniani. Tulilala, tukaamka, tukaenda kanisani, tukala, na bado hakuna neno.

Neno lilikuwa linakuja wakati wa kunisindikiza. Unajua sisi hatumwachi mgeni aondoke peke yake kutoka mlangoni. Alibeba mfuko wangu yeye mwenyewe, hata nikigombana naye, na tukashuka pamoja kwenda barabarani. Kutoka kwake hadi lami ni mwendo wa nusu saa, na katikati ya njia kuna ua wa miiba ya kayaba ulioinama upande mmoja. Pale alisimama. Kila mara pale. Aliweka mfuko chini, akajifanya anafunga kitambaa chake cha kichwa upya, halafu bila kuniangalia akaanza: "Sasa, Raeli, kuna ile maneno."

Ni kwenye ua ule aliniambia kwamba shemeji zake walitaka kumtoa shambani. Ni pale aliniambia kwamba baba yako anakunywa, na kama nimempenda basi nimpende nikijua. Ni pale, baba yako alipotutoka ukiwa darasa la pili, alipolia mbele yangu kwa mara ya kwanza na ya mwisho, ameshika mkono wa sweta yangu. Gari lilinipita mara nyingi kwa sababu ya ua ule. Nilikuwa naudhika, nisikufiche. Nilimwambia, "Mama, si ungesema jana tukiwa tumekaa?" Akanijibu, "Jana ulikuwa bado haujaenda."

Halafu nikapewa kazi ya simu. Opareta wa zamani aliolewa mbali, na mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza cha shule na sauti ambayo meneja alisema inasikika vizuri. Wakanikalisha mbele ya ubao wenye mashimo na taa ndogo ndogo, nyaya za kuchomeka huku na huku, na chuma cha kuvaa kichwani chenye kipaza sauti cha sikio moja. Wewe ulikuwa ukija ofisini ukitoka shule unaniita rubani. Jumapili mchana ofisi zilikuwa zimefungwa na laini zimelala, na hakuna aliyemkataza opareta wa zamu kusalimia watu wake.

Kedowa kulikuwa na simu moja kwa duka la Baba Weldon, pale pale kando ya lami. Nilipatana naye iwe kila Jumapili saa kumi. Mara ya kwanza niliposikia sauti ya mama ndani ya sikio langu nilikibana kile chuma kichwani kwa mikono miwili. Alikuwa anapiga kelele, kwa sababu alifikiri ni lazima sauti ifike Kimulot kwa nguvu zake mwenyewe. Nilicheka hadi machozi yakatoka. Nilijiona mwerevu kuliko wenzangu wote waliokuwa wakipanda magari mawili na kukanyaga matope ili wamsalimie mtu.

Sikuacha kwenda kwa siku moja. Mwezi wa kwanza nilipiga simu na bado nikaenda. Mwezi wa pili mvua ilizidi, nikapiga tu. Wa tatu wewe ulikuwa na mtihani. Baada ya hapo hakukuwa na sababu tena, na sikuitafuta. Zamani nilikuwa namwona mara moja kwa mwezi, sasa namsikia mara nne. Nilihesabu hivyo, nikaona nimeongeza.

Na tulizungumza nini? Chamgei, mama? Mising. Ng'ombe? Mising. Mvua? Ipo. Haya, sai sere, tutaongea Jumapili. Baba Weldon alikuwa na watu kwenye benchi wakinywa soda, na simu ikilia wote walinyamaza wasikilize, kwa sababu simu ya duka ilikuwa ni ya kila mtu. Mwanamke wa umri wake angesema jambo gani pale? Na hata duka lingekuwa tupu, ua wa kayaba ungekuwa wapi? Kwenye simu kuna salamu na kuna kwaheri, na vimebanana, hakuna njia ya kutembea katikati yake. Simu haina kusindikizana. Ilinichukua miaka kuliona hilo, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Mwaka ulioingia Form One sauti yake ilianza kukwaruza. Kwanza kidogo, halafu ikawa kama inapita kwenye kitambaa. Nikamwambia, "Mama, ongea kwa nguvu." Akaongea kwa nguvu. Jumapili iliyofuata ikawa mbaya zaidi. Sasa sikia alichofanya mama yako, opareta hodari. Nilichukua kitabu cha hitilafu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba laini ya Kedowa ina mkwaruzo, tafadhali ishughulikiwe. Fundi akaenda. Akapanda milingoti, akarudi akaniambia, "Madam, hiyo laini iko sawa. Nimeongea nayo mwenyewe, iko klia kabisa." Nikamwona mvivu. Nikaandika tena. Niliandika mara tatu, Chebet. Mama yangu alikuwa anafungwa koo na mimi nikatuma fundi kwenye milingoti.

Miezi hiyo yote alikuwa hawezi kumeza ugali. Kisha hakuweza viazi vilivyopondwa. Kisha mursik yenyewe ikawa inarudi. Ningekaa naye mezani mara moja tu, ningeona sahani ikisukumwa kando. Ningeona mifupa ya shingo. Lakini kila Jumapili alivaa gauni lake la kanisa, akatembea ile nusu saa hadi dukani, akashika simu akaniambia mising.

Aliyeniita ni Baba Weldon. Yeye alipenda kuongea Kiswahili, chenye lafudhi ya kwetu, kwenye simu hata na sisi watu wake, kwa sababu aliona simu ni kitu cha serikali. "Opareta," akasema, "hii si mampo ya simu sasa. Kuja uone mama yako na macho. Usipike tena simu. Kuja."

Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye jua na sikumjua. Nasema kweli, nilichungulia nyuma ya yule mwanamke nikimtafuta mama yangu. Akanisalimia kwa ile ile sauti ya laini mbovu. Ilikuwa inatoka mdomoni mwake, mbele yangu, na hakukuwa na waya wowote.

Hospitalini daktari, kijana mwenye heshima zake, alifungua faili akaniuliza, "Mama ameshindwa kumeza tangu lini?" Nilikuwa nimeongea na mama yangu kila Jumapili, sikukosa hata moja. Nikasema sijui. Akauliza, "Kwani mnakaa mbali, hamwonani?" Nikamwambia tunaongea kila wiki. Akaandika kitu kwenye faili.

Alikaa siku tisa. Siku ya sita, akiwa na nguvu kidogo, nilimuuliza kwa nini hakuniambia. "Haukuja tukasindikizana," akasema. Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Siku ya mazishi nikasimama mbele ya watu nikasema ugonjwa ulikuwa wa ghafla. Watu wakatikisa vichwa, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Wewe ulikuwa umeketi mbele na yunifomu yako ya shule, ukaniamini. Nilikuwa nimeupata uongo mzuri na nikaushika. Baada ya watu kutawanyika Baba Weldon alinivuta kando, akasema kuna kitu kimemkaa moyoni. Akaniambia kwamba mama, kila akishaweka simu chini, hakuwa akirudi nyumbani moja kwa moja. Alitoka dukani, akatembea hadi ukingo wa lami, akasimama kidogo akiangalia upande wa Kericho, njia ya kuja kwangu, ndipo akageuka kwenda zake. Baba Weldon alidhani anataka usafiri. Siku moja akamuuliza, "Kogo, unangoja kari?" Akamjibu, "Hapana. Namsindikiza Raeli."

Sijawahi kumwambia mtu hayo. Kwa miaka kumi nimeyabeba nikirudi kazini kila asubuhi kuvaa kile chuma kichwani na kusema namba tafadhali.

Utaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Ningekulisha nini? Lakini sikuwa opareta yule yule. Nilianza kusikiliza watu kwa namna nyingine. Kulikuwa na karani wa stoo, mtu mpole, ambaye siku moja aliniomba nimuunganishe na mkewe, akamwambia kwamba ameoa mwingine hapa. Alisema haraka, kama mtu anayesoma orodha ya magunia, halafu akaweka simu chini. Mtu yule asingeweza kusema hivyo akimwona mkewe usoni. Akatoka akanishukuru. Mwanamke wa watu alibaki kwenye laini anasema haloo, haloo, na mimi ndiye niliyekuwa upande huu, nikachomoa waya. Ndiyo maana nakuambia, ile kitu husaidia kusema yale ambayo mtu anapaswa kuogopa kuyasema, na huzuia yale ambayo anapaswa kuyasema. Labda kuna watu wanaoitumia vizuri. Mimi sikuwaona, na niliwaunganisha wote.

Sasa wewe unaenda Uingereza kutunza wazee. Juzi ulinieleza, wana nyumba kubwa ambapo wazee wanawekwa pamoja, na watoto wao wanawapigia Jumapili. Nilikuwa nimekuangalia vizuri ulipokuwa ukisema, kwa hiyo niliyapata yote, na moyo ukaniuma. Utakuwa umekaa karibu na mama za watu wakati simu zinalia. Utawaona wakijitengeneza nywele. Utawasikia wakisema wako salama, na wewe ndiye uliyewabadilishia shuka asubuhi. Usiwaulize hapo. Wangoje. Utakapowashika mkono kuwapeleka chooni, katikati ya njia watasimama, watajifanya wanafunga kifungo, na ndipo watasema. Uwe na subira ya kusimama nao. Wewe utakuwa unajua mengi ya mama wa mtu mwingine, na ya mama yako hutajua chochote.

Sasa nimefika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu, na mkono unataka kwenda kupanga sanduku tena.

Chebet, sisikii.

Lilianza sikio la kushoto, lile nililokuwa navalisha simu. Unajua radi ya huku. Ikipiga kule msitu wa Mau inaingia kwenye laini, na kabla hujavua chuma kichwani imeshalia ndani ya kichwa chako. Mafundi walituambia tuvue mvua ikianza, na mabosi walitaka kuunganishwa mvua ikinyesha au isinyeshe. Miaka kumi na saba ya mvua za alasiri. Lilipokufa la kushoto nilihamisha kile chuma upande wa kulia na sikumwambia mtu. Kisha la kulia nalo likaanza. Mwaka uliopita nilikuwa nikifanya kazi kwa macho. Taa ikiwaka nilijua ni ofisi gani, na kila ofisi ilikuwa na watu wake na saa zake, hivyo nilikisia. Nikishindwa nilisema, "Rudia tafadhali, laini ni mbaya." Umesikia hilo? Laini ni mbaya. Nilisema mara kumi kwa siku, bila aibu.

Ile mashine mpya ndiyo iliyoniokoa. Ilipoletwa mwezi wa pili, ile inayounganisha watu yenyewe bila mtu katikati, wenzangu walinionea huruma. Wakanifanyia sherehe ya kuniaga, wakanipa saa ya ukutani, na meneja akatoa hotuba. Nilimwangalia midomo. Wewe ndiye uliyeniambia baadaye kwamba alisifu sikio langu.

Kwa hiyo ninapokukodolea macho ukiongea, na wewe unauliza, "Mum, kwani nina nini kwa mdomo?" basi jua ni hivyo. Nakusikia kwa macho. Ukiwa mbele yangu, kwenye mwanga, napata karibu yote, na usoni mwako nayaona hata yale usiyoyasema. Ukinipa mgongo kukata sukuma, umeshaenda. Na simu haina uso, mwanangu. Duka la Mama Sharon pale kituo cha chai, majani yanapopimwa, wamewekewa simu na wewe umeshaandika namba yake mahali patatu. Niliijaribu wiki iliyopita. Nilimwomba Mama Sharon ampigie dada yake, nikashika mimi. Nilisikia kitu kikivuma kama nyuki ndani ya debe. Nikasema mzima sana, asante, nikamrudishia.

Wewe ni nesi. Utauliza kwa nini sikuja kwako. Umengojea nafasi hii miaka miwili. Nimekuona ukienda posta na kurudi mikono mitupu, ukiingia chumbani bila kula. Ningekuambia, ungefungua hili sanduku ukatoa nguo. Nakujua. Ungesema kazi zitakuja nyingine, nawe ungebaki hapa ukinipeleka kwa madaktari wa masikio, na baada ya miaka mitano ungeanza kunichukia polepole bila kujua. Ndiyo maana nilisema nakusikiliza. Na niliposema hivyo, pale jikoni, nikamwelewa mama yangu kwa mara ya kwanza, na sikufurahi kumwelewa. Nilikuwa nadhani nimejifunza kitu kutokana na kifo chake. Sijajifunza. Nimemlilia miaka kumi kisha nikafanya kama yeye.

Dereva wa kiwanda alisema atakuja kukuchukua hapa hapa mlangoni kesho saa kumi na mbili. Ni roho nzuri, na meneja ndiye aliyemruhusu. Nimemdanganya. Nimemwambia mvua imeharibu barabara yetu, gari litakwama, atungoje kule chini kwenye kituo cha chai. Kutoka hapa hadi kule ni dakika ishirini tukitembea polepole, na nitatembea polepole. Nitabeba sanduku mimi, tugombane. Hakuna ua wa kayaba, lakini kuna lile daraja la mbao, na jua litakuwa limeanza kutoka, nitakuona mdomo. Nimepanga nisimame pale. Nimepanga hata neno la kwanza.

Lakini najijua pia. Naona vile itakavyokuwa. Nitaweka sanduku chini, nitajifunga leso, wewe utaangalia saa, na nitakuuliza kama umebeba sweta. Ndiyo sababu barua hii naiweka chini kabisa, ndani ya hiyo sweta, mahali ambapo hutafika mpaka uwe umefika na baridi ya kule imekushika. Nikipata mdomo darajani, nitakuambia iko wapi na utaisoma garini ukiwa tayari unajua kila kitu. Kama unaisoma kule, na maneno haya ni mapya kwako, basi ujue tulitembea njia yote, nikakuangalia usoni mpaka mwisho, na nikanyamaza.

Niandikie. Andika mambo yenyewe, usiandike kwamba wewe ni mzima. Ukiumwa, andika unaumwa wapi. Ukilia, andika. Na mwaka ukiweza kukuachia njia, njoo ukae kwenye kile kiti cha dirishani ambapo mwanga unakupiga usoni, na usikae siku mbili tu, kaa mpaka nikusindikize.

Najua hata hivyo utapiga. Hutavumilia, na mimi sitavumilia kutokwenda. Jumapili saa kumi nitavaa gauni la kanisa nishuke kwa Mama Sharon. Atanipa simu, itavuma, nami nitasema chamgei mising, ng'ombe mising, mvua ipo. Nitakuwa sijasikia ulichouliza. Nikikujibu kabla hujamaliza, usikasirike, na usimwambie mtu kwamba laini ya Kimulot ni mbaya. Ukishaweka simu chini, mimi nitatoka nitembee hadi barabarani, nisimame kidogo, halafu nirudi nyumbani.

Mama yako,
Raeli